Swali la Kumi na Saba

Dodoso lina maswali thelathini na moja.
Tuliyatunga wenyewe, juu ya duka la fundi cherehani, Bondeni,
Zuwena akisoma kwa sauti, mimi nikifuta,
Hitesh akituonya kwamba kompyuta haijui "labda".
Ndiyo. Hapana. Sijui. Amekataa kujibu.
Visanduku vinne, kila kimoja kama punje ya mchele.

Majengo, saa nne asubuhi, mahamri yameshapoa.
Zuwena hubisha hodi. Mimi husimama nyuma yake
na kalamu, na jina langu kifuani:
Mwakio. Jina la milimani, jina la Jumapili.
Watu hulitazama kabla ya kunitazama mimi.
Nami, nisiseme uongo, mwezi wa kwanza
nilihesabu hatua za kurudi barabarani.
Shangazi yangu siku hizi kanisani hukaa karibu na mlango.
Hajatuambia kwa nini. Hatujamuuliza.

Kwa Bi Mwanakombo tulikaribishwa mkekani.
Swali la kwanza hadi la kumi na sita
aliyajibu huku akichambua mchicha.
Maji? Ya kununua. Kazi? Ya kubahatisha.
Kisha Zuwena akameza mate, akasoma:
*Je, kuna mtu wa nyumba hii aliyeondoka bila kuaga?*

Vidole vikasimama.
Hakusema ndiyo, hakusema hapana.
Aliingia ndani, akarudi na bahasha ya kaki,
na ndani ya bahasha kitambulisho,
kipya, hakijapata kulainishwa na mfuko wa suruali.
Twalib Shee. Uso wa kijana aliyekatazwa kutabasamu.

"Miaka miwili akenda kwa chifu. Miaka miwili.
Leta cha babako. Leta cha babu. Bado kidogo aambiwe
leta na kaburi la babu.
Kazi ya bandarini ikampita, ya pili ikampita.
Na yule aliyemwambia *kwetu huulizwi karatasi*
alimwita kwa jina lake siku ya kwanza.
Hiki kilikuja mwezi wa nne, yeye keshakwenda.
Sasa ndo mwauliza.
Haya, andikani."

Mimi changu nilikipata kwa wiki tatu.
Sikusema. Kilikuwa mfukoni, upande wa paja,
na njia nzima ya kurudi nilikisikia.

Zuwena aliandika pambizoni, nje ya visanduku,
mpaka karatasi ikamwishia, akageuza nyuma.
Usiku Hitesh akapiga simu:
"Hii niiweke safu gani?"
Tukamwambia, fungua safu.

Mwezi wa tisa, ukumbi wa hoteli, Nyali,
maji ya chupa, vitambaa vyeupe mezani.
Mchungaji akasema wenzetu wawaonye watoto wao.
Ustadhi akasema sisi tumeonya, nyie mwasikia nini huko?
Bwana mmoja wa tai, kwa upole kabisa, akauliza
ni asilimia ngapi walio hatari.
Zuwena akafunga ripoti.
"Kabla ya hapo. Droo ya chifu ina vitambulisho vingapi?"

Mtu akakohoa. Mtu akafungua chupa.

Tulirudi pale ofisini mara tisa.
Droo ilifunguliwa Jumanne: arobaini na vitatu,
vimefungwa kwa mpira wa mishipi ya suruali.
Tukavigawa kwa miguu, mimi nikibisha hodi safari hii.
Mmoja alikibusu. Mmoja alitutukana
kana kwamba sisi ndio serikali, tukapokea matusi yake,
maana nani mwingine angekuja kuyachukua.
Saba hawakuwepo.
Tukawaachia mama zao, na saini, na wino wa dole.

Jumapili nilikaa na shangazi, pale pale mlangoni,
jua likituchoma miguu.
Nikamnong'oneza habari ya bahasha.
Hakugeuka. Wimbo ukaisha, sadaka ikapita,
watu wakasimama kwa baraka za mwisho,
naye akiwa bado ameketi akaniuliza:
"Huyo mamake, alikula kitu siku hiyo?"